Mama Yangu, Kaya Maskini

Kwa miaka mingi nimefundisha somo la uraia katika shule ya msingi hapa Kahororo, Bukoba, na miaka yote hiyo nimesimama mbele ya ubao nikisema bila kupepesa macho kwamba serikali ina wajibu wake kwa raia, na watoto wana wajibu wao kwa wazazi. Upande wa kushoto nilikuwa naandika wajibu wa serikali, upande wa kulia wajibu wa familia, katikati napiga mstari. Watoto wananakili, mimi nasahihisha, kengele inalia, tunakwenda nyumbani. Sasa hivi ukiniuliza ule mstari unapita wapi, nitakwambia sijui. Najua tu kwamba siku moja uliingia kwenye nyumba ya mama yangu kule Kishanda, na tangu hapo mimi sielewi kitu.

Habari nilizipatia sokoni, Bukoba mjini. Nilikuwa nimeinama nachagua nyanya, nikashtukia mtu ananikamata mkono na kuutikisa kwa furaha. Alikuwa mwanamke wa Kishanda ambaye huleta ndizi zake mjini, tunafahamiana tangu utoto.

"Hongera, mwalimu! Mama kapita!"

Nikamuuliza kapita wapi.

"Kwenye kaya maskini! Watu wengi wameachwa, lakini yeye kapita vizuri kabisa."

Aliniambia kwa sauti ile ile watu waliyonipongeza nayo mwanangu alipofaulu kwenda sekondari. Wanawake wa meza za jirani waligeuka kunitazama. Mimi nilikuwa nimevaa gauni langu la kazini, saa mkononi, mkoba mzuri begani, na mama yangu kapita kwenye umaskini. Sisi Wahaya watu hutusema kwamba tunajivuna, na sitabisha. Siku ile uso ulinichoma kwa majivuno yote ya ukoo wetu. Nililipia nyanya nikaondoka, nikaziacha pale pale mezani.

Mpango wenyewe nilikuwa naujua. Nani asiyeujua? Serikali inatoa ruzuku kwa kaya zisizo na uwezo, watoto wa kaya hizo wahudhurie shule, wadogo wapelekwe kliniki, na wenye nguvu wafanye kazi za ajira za muda, kutengeneza barabara za kijiji, kuchimba mifereji, kupanda miti. Nilishaufundisha darasani, upande wa kushoto wa ubao. Lakini kaya maskini kwangu walikuwa watu wengine. Mama yangu alikuwa anapata sukari na sabuni kutoka kwangu, godoro nilimnunulia mimi, taa ya sola nilimfungia mimi, na yule mtu wa kupalilia kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, mimi ndiye niliyekuwa namlipa. Sasa kama mama yangu ni maskini asiye na wa kumtunza, mimi ni nani?

Jumamosi nilishuka Muleba, nikachukua bodaboda hadi Kishanda. Mama nilimkuta uani anapura maharage kwa fimbo, mjukuu wake anaokota yaliyorukia mbali. Mjukuu huyo ni binti wa mdogo wangu wa kiume, aliyeletwa kwa bibi yake akiwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, baada ya baba na mama yake kuachana. Sikungoja hata kukaa.

"Mama, umekwenda kusema wewe ni maskini?"

"Sikusema mimi. Kijiji ndicho kilichosema." Aliendelea kupiga maharage yake. "Waliuliza nani ana shida na hana wa kumtunza. Watu wakanitaja."

"Na mimi je?"

"Wewe umefanyaje?"

"Mimi si nakutunza?"

Alishusha fimbo akanitazama kama ninavyomtazama mtoto wa darasa la sita anapokosea jina la mkoa wake. "Wewe ni mke wa watu, mwana wange. Waliuliza wa nyumba hii."

Hapo lazima nieleze, maana asiye wa kwetu anaweza kudhani mama alinitukana. Baba alipofariki, baada ya matanga ukoo ulikaa ukamtangaza musika, yaani mrithi. Alikuwa mdogo wangu, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume pekee. Walimkalisha kwenye kiti cha baba, wakampa mkuki wa baba, wakamwambia mbele ya watu wote kwamba kuanzia leo kibanja hiki, migomba, kahawa, makaburi yaliyomo na mama yako, vyote viko mikononi mwako. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu mwenye mshahara, yeye alikuwa kijana anayehangaika. Lakini mimi nilikuwa jikoni napika ndizi za wageni, na hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi sikuona ajabu.

Musika alikwenda Mwanza, anauza vipuri vya pikipiki, anakuja anapokuja. Kahawa ya kibanja inachumwa na baba mdogo, ndugu yake baba, na kuuzwa kwa jina la musika, kwa maana kahawa kwetu ni mali ya wanaume. Kwa hiyo kijiji kilipohesabu, kilihesabu sawasawa kwa hesabu zake: mjane mzee, mjukuu mmoja, musika hayupo, migomba nusu imeliwa na ugonjwa wa mnyauko. Mimi na sukari yangu na godoro langu hatukuwemo. Sikuwa nimesahauliwa. Sikuwa nimehesabiwa tangu mwanzo.

Niliondoka Kishanda nimekasirika, ila sikujua nimemkasirikia nani. Njiani nilijaribu kumkasirikia mama, nikaona hajasema uongo. Nikajaribu kijiji, nikaona kimefuata mila ambazo hata mimi nimezifuata. Nikajaribu serikali, nikajiuliza nitaianzia wapi, itabidi niseme inakosea kumsaidia mama yangu mzazi? Nikabakiwa na mdogo wangu. Huyo nilimkasirikia vizuri hadi Kahororo.

Miezi ikapita, na mama akaanza kubadilika kwa namna ambayo sikuitarajia na ambayo, niseme ukweli, haikunifurahisha kama ilivyopaswa. Siku moja nilikwenda bila kumtaarifu, nikamkuta barabarani. Yuko na kundi la wanawake, ana jembe, kanga kaifunga kiunoni, wanachimba mfereji wa maji ya mvua kando ya barabara ya kijiji. Wazee wanaruhusiwa kutuma mtu mwingine awafanyie, lakini yeye alikataa kutuma mtu. Alikuwa anacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilimwona mama yangu akicheka hadi kushika ubavu.

"Mama, utaniua kwa aibu!" nilimwambia, bodaboda wangu yuko pale anasikiliza.

"Kwani nakulimia wewe?"

Wale wanawake waliangua kicheko, mmoja akakalia jembe lake. Nilitaka kumpokea lile jembe, akalivuta kwake. Nikabaki nimesimama na viatu vyangu vya mjini, sina kazi pale.

Jioni, tumekaa jikoni, alinieleza kitu ambacho bado nakizungusha kichwani. Alisema siku ya malipo wanaitwa majina, mmoja mmoja, mbele ya watu. "Wananiita jina langu," alisema. "Si mke wa fulani, si mama wa fulani. Jina langu. Tangu nizaliwe sijawahi kuitwa jina langu kwa ajili ya hela." Maisha yake yote kahawa ilikuwa ya baba, kisha ya musika, na vitu vyangu vilikuwa vyangu hadi nilipoamua kumpa. Hayo hakuyasema. Nilijaza mwenyewe.

Akanunua kuku. Akanunua gauni, la rangi ambayo nisingemchagulia. Akaingia kikundi cha kuweka na kukopa na wale wanawake wa mfereji. Siku nyingine naaga kuondoka, akanikabidhi jogoo amefungwa miguu. "Wapelekee wajukuu wangu wa Kahororo, nao wale kitu." Kaya maskini inamlisha mwalimu wa serikali! Jogoo yule alikaa jikoni kwangu wiki nzima ananiwikia kila alfajiri, nimeshindwa kumchinja. Mwishowe mume wangu alimchinja mwenyewe, tukamla, alikuwa mtamu sana.

Kilichonichanganya zaidi ni simu. Zamani mama alikuwa ananibipu, mimi nampigia, anaanza kwa habari za mvua, za kanisani, za mgonjwa huyu na yule, halafu mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini, sukari imeisha. Nilikuwa nalalamika kwa mume wangu kwamba mama akipiga simu ujue kuna kitu. Sasa akawa habipu. Nikampigia mimi.

"Sukari ipo?"

"Ipo."

"Sabuni?"

"Ipo. Ninyi hamjambo?"

"Hatujambo. Unahitaji nini?"

"Sihitaji kitu, mwana wange. Nyie mtumie na watoto."

Nikishusha simu nakaa kitandani nimeduwaa. Mzigo niliokuwa naulalamikia umetuliwa, na mimi nautafuta ulipo. Mwezi ule sikutuma kitu, na uliofuata sikutuma. Nilishona mapazia mapya. Nilipoyatundika yalinipendeza, kisha yakaniudhi, nikawa nayafungua na kuyafunga. Mume wangu akasema, "Si jambo jema? Mama anajitegemea." Nikamjibu vibaya, naye hakuwa amekosea kitu.

Ndipo nilipompigia mdogo wangu nimwambie apeleke walau kitu kwa ajili ya binti yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Yeye akacheka kile kicheko chake kizuri, maana si mtu mbaya, ni mtu wa kupendwa na kila mtu, na hilo ndilo tatizo lake.

"Dada, mama si yuko kwenye mpango? Na mtoto naye yumo humo humo."

"Yule ni mama yako. Wewe ndiye musika."

"Najua, dada. Lakini fikiria. Tukipeleka vitu vingi, watu wataona, watamtoa. Tutakuwa tunamharibia."

Nilifungua mdomo nimtukane, nikakuta maneno yake yanafanana na kitu. Yalifanana na mapazia yangu. Nikamwambia nitampigia baadaye, na sikupiga.

Halafu ikaja masika. Alfajiri moja simu ya mama iliita, ni yule mjukuu, analia: ukuta wa chumba cha nyuma umeanguka. Hawakuumia, walikuwa wamelala chumba cha mbele. Lakini nyumba yenyewe ni ya udongo, baba aliijenga akiwa kijana, na ukuta wa pembeni nao ulikuwa umeinama. Siku hiyo hiyo niliomba ruhusa kazini. Muleba nikanunua saruji, nikapata fundi, nikalipia gari la kupakia matofali ya kuchoma, tukaenda. Njia nzima nilijisikia vizuri. Hatimaye kulikuwa na kitu kinachoeleweka: ukuta umeanguka, mtoto anajenga ukuta.

Mama alisimama mlangoni akaangalia vile vitu vinashushwa.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Wakiona matofali watasema huyu keshatoka kwenye umaskini."

"Kutoka si vizuri?"

"Vizuri kwa nani?"

Tunabishana hivyo, akaja baba mdogo. Alikuja kwa adabu, amebeba mkungu wa ndizi za kupika kwa sababu alisikia nyumba imepata matatizo. Aliutua, akanisalimu, akayatazama matofali kwa muda mrefu.

"Mwalimu, unajenga kwa nani?"

"Kwa mama yangu."

"Mama yako anakaa kwa musika. Musika amekutuma?"

Nikampigia musika mbele yao, nikaweka sauti kubwa. Musika akasema, "Dada, ngoja kwanza. Nitakuja Desemba tukae na wazee." Baba mdogo akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesikia neno la busara. Nikamwambia kwamba sheria ya nchi inamtambua mtoto wa kike, kwamba mimi nafundisha hayo mambo, kwamba sitaki kibanja cha mtu, nataka mama yangu asiangukiwe na nyumba.

"Sheria ipo Muleba, kwenye ofisi," alisema taratibu. "Hapa pana makaburi. Leo unajenga ukuta, kesho wanao watasema nyumba ile alijenga mama yetu. Sisemi wewe ni mbaya."

Na kweli hakusema. Hakuna mtu yeyote siku ile aliyekuwa mbaya. Fundi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anatusikiliza zamu kwa zamu, mwishowe akauliza, "Mwalimu, sasa mimi nichanganye au nisichanganye?" Alingoja, akanawa mikono ambayo haikuwa na saruji, akapanda bodaboda akarudi Muleba. Matofali tuliyarundika nyuma ya migomba, mama akayafunika kwa majani asionekane nayo. Saruji iliingia chini ya kitanda, na unyevu wa chumba kile ukaigeuza jiwe.

Nilijaribu kuipanga hali ile kama ninavyowapangia wanafunzi. Musika hajengi kwa sababu serikali inasaidia. Serikali inasaidia kwa sababu musika hayupo. Binti yupo, lakini kujenga si kwake. Mama hataki kujengewa asije akaondolewa kwenye msaada anaopewa kwa sababu hana wa kumjengea. Kila sentensi peke yake ni sahihi, ningeipa alama. Ukizisoma zote pamoja kichwa kinauma, na ukuta bado uko wazi, mama ameuziba kwa fito na mkeka.

Nilimbembeleza aje Kahororo, yeye na mjukuu. Chumba kipo, shule ipo mlangoni. Alikataa. Akihama kijijini ametoka kwenye mpango, na zaidi ya hapo, alisema, mwanamke wa umri wake hakimbii kibanja na kwenda kukaa kwa mkwe. Mvua ziliendelea. Akaanza kukohoa. Kila simu ya asubuhi iliyoingia niliiangalia kwanza jina la anayepiga, nikijua siku moja itakuwa ni ule ukuta wa pembeni.

Basi niliposikia kwamba kijiji kitafanya mkutano wa kupitia upya kaya zilizomo kwenye mpango, nani hali yake bado duni na nani amepata nafuu, nilijua la kufanya. Nitakwenda. Watakapofika kwa mama nitasimama niseme mimi nipo, nina mshahara, namtunza. Watamtoa. Akishatolewa hatakuwa na sababu tena ya kuogopa matofali wala kuikataa Kahororo, na baba mdogo atakuwa amesikia mbele ya mashahidi. Nilipanga, kwa kifupi, kumnyang'anya mama yangu umaskini wake hadharani, kwa faida yake. Usiku kabla ya safari nililala vizuri.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mezani, na pembeni yake kijana mwezeshaji kutoka wilayani, si mwenyeji wa mkoa wetu, ana kishikwambi mapajani. Mama alikaa mbele na wanawake wenzake wa mfereji, amevaa lile gauni lake. Mimi nilikaa nyuma kidogo. Aliniona, akanipungia, nadhani alifikiri nimekuja kumpa moyo. Wakaenda kaya kwa kaya. Palikuwa na mabishano marefu juu ya mzee mmoja aliyesemekana kununua pikipiki, yeye anasema ni ya mkwewe, watu wakacheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Kisha akaitwa mama.

"Huyu mama hali yake mnaionaje?"

"Ukuta umeanguka!" watu walisema. "Anakohoa!"

"Ana wa kumtunza?"

Nikasimama.

"Mimi nipo," nilisema. "Mimi ni mwanawe. Nina kazi, nina mshahara. Nitamtunza mimi."

Kidole cha mwezeshaji kilisimama juu ya kishikwambi. "Kumbe ana mtoto mtumishi wa serikali?" Akamgeukia mwenyekiti. "Huyu anahesabiwa kwenye kaya?"

Uwanja ukalipuka. Aaah, huyo kaolewa! Huyo ni wa Bukoba! Baba mdogo alisimama akaeleza, kwa upole ule ule, kwamba binti akishatoka ametoka, na kwamba wa nyumba ile ni musika, na musika yuko Mwanza. Mwezeshaji alikuwa anatutazama mmoja mmoja, amepotea kabisa, na nilimwonea huruma kwa sababu nilijua anavyojisikia. Mwenyekiti akainua mkono.

"Tumsikilize mwenyewe. Mama, sema. Huyu aliyesimama ni nani kwako?"

Mama aliinuka polepole, akishika bega la mwenzake. Akaweka kanga yake sawa. Hakuniangalia.

"Huyu ni mgeni wangu," alisema. "Kaja kunisalimia. Jioni anarudi kwake."

Nani pale hakujua mimi ni mwanawe? Wanawake walioniimbia siku ya kuolewa kwangu walikuwa wamekaa kwenye nyasi zile zile. Lakini walitikisa vichwa kukubali, wote, kwa sababu kwa hesabu za kwetu hakuwa amedanganya hata neno moja. Mwenyekiti akaniambia kwa heshima, "Mwalimu, tunashukuru. Keti." Nikaketi. Mwezeshaji akagusa kishikwambi chake, wakaitwa wengine. Mama alikuwa amepita tena.

Tulirudi nyumbani wawili, mjukuu ametangulia na wenzake. Njia ile ina kilima, mama akanishika mkono na kuniegemea kwa uzito wake wote, anakohoa, anasimama, tunaendelea. Tukaingia kibanjani. Humo, kati ya mibuni, nikashindwa kujizuia.

"Mama, umenikana mbele ya watu."

"Sijakukana."

"Umesema mimi ni mgeni! Nimesimama mbele ya kijiji kizima nikasema nitakutunza, wewe ukasema mimi ni mgeni!"

"Nimekuweka akiba."

"Akiba ya nini, mama? Nyumba inakuangukia!"

Alisimama kupumzika, mkono mmoja kwenye mbuni, mwingine bado umenishika. Alipumua hadi kikohozi kikatulia.

"Serikali ikinichoka, nitakuja kwako," alisema. "Sasa wewe ukinichoka, niende kwa nani?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba mimi siwezi kumchoka. Lakini siku ile nilikuwa nimemchoka, nimemchoka kweli kweli, na mama alikuwa ananitazama usoni, anasubiri.